Mama Asihamishwe Jumamosi

Bweni la wanafunzi, chumba namba tisa
Jumatano asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mgongo unaokuuma tangu uanze kumnyanyua Mama peke yako umekuachia kidogo. Mimi ni mzima wa mwili. Wa roho, we acha tu.

Nianze na lililo kubwa, maana nakujua, utaiweka barua chini ya godoro uisome ukipata nafasi: Mama asihamishwe Jumamosi. Najua Kaka Mkubwa ameshapata kitanda kwenye makao ya wazee, najua mpangaji anasubiri funguo za nyumba, na najua umechoka mpaka basi. Mzuie hivyo hivyo. Akifoka, mwambie anifokee mimi. Sababu iko humu, na nakuomba usinichukie kabla hujaifikia.

Uliniuliza kama nimeshaanza kupasua watu. Wapi! Nimepangiwa wodi ya wazee, na nilinuna wiki nzima. Wenzangu wako chumba cha upasuaji, mimi nakata kucha za miguu za babu za watu. Wakinipita kwenye korido wananiuliza kama nimeshaota mvi. Mkuu wetu ni daktari mmoja mama mtu mzima, tunamwita Mama Mifuko, kwa sababu mgonjwa akilazwa tu, yeye huwarudisha ndugu nyumbani wakalete kila dawa iliyomo, hata ile iliyosahaulika nyuma ya kabati. Wanaleta mifuko kwa mifuko. Mwanafunzi anaimwaga mezani na kuulizwa kidonge kimoja kimoja: nani alikianzisha, kwa ajili gani, na leo bado kina kazi? Ukibabaika anakutazama juu ya miwani mpaka unatamani ardhi ipasuke.

Wiki mbili zilizopita nilikabidhiwa mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu. Hakujua alipo, alikuwa anashona hewa kwa vidole na kumwita marehemu mkewe. Binti yake aliniambia huku analia kwamba baba yake ameshaondoka, kimebaki kiwiliwili, na kwamba cherehani yake ameshaigawa. Nikaandika kwenye faili kwamba akili imezeeka, nikafunga. Mama Mifuko alisoma mstari ule akaniuliza uzee wenyewe ulianza tarehe ngapi. Nilidhani ananitania. Kumbe mzee alichanganyikiwa mwezi uleule alioanza kumeza vidonge vya mafua na mwasho, vile vidogo vya njano vinavyoleta usingizi. Jirani ndiye alimshauri avitumie ili alale. Mama Mifuko akavisimamisha, akatueleza kwamba kwa kijana ni usingizi tu, lakini kwa mzee vinaweza kuvuruga akili, kukausha kinywa, hata kumwangusha. Siku ya nane nilimkuta fundi amekaa kitako. Aliniambia koti langu jeupe limeshonwa na mtu asiye na huruma, kisha akauliza cherehani yake iko wapi. Binti yake alitoka nje, akajishika kichwa.

Wenzangu walinipigia makofi. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia.

Dada, vidonge hivyo unavijua. Viko kwenye kopo, kando ya kitanda cha Mama. Mwaka jana nilipokuja likizo alilalamika hapati usingizi, nami nikajitia daktari. Mlikuwa mmenivisha kilemba cha ukoka, nikatembea nacho kifua mbele. Nilichana karatasi kwenye daftari, nikaandika viwili kila usiku, nikatia sahihi, na mbele ya jina langu nikaandika Daktari. Mwaka wa tatu, jamani, hata sindano sijashika! Wewe mwenyewe ulinisimulia, tukacheka, jinsi muuza dawa alivyotaka kumkatalia, Mama akamtolea ile karatasi na kumwambia mwanawe hawezi kukosea. Ni baada ya hapo, wala si kabla, ndipo alipoanza kukuita jina la shangazi na kupotea njia ya chooni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hiyo ni nusu. Jumapili, Kaka Mkubwa alipotuweka sote kwenye simu ili tuamue, aliniuliza mimi, msomi wa familia, kama Mama ataweza kurudi kuwa yeye. Nilisema hapana. Fundi alikuwa na siku nne tangu apate fahamu zake. Nilijua, Dada, nikasema hapana, kwa sababu chuoni wakisikia niliandika dawa bila ruhusa ya mtu watanifukuza, na kwa sababu Mama akishahamia huko, hakuna ambaye angeniuliza tena. Nilimuuza Mama yangu ili nisiaibike. Sina neno jingine.

Wala siwezi kukuahidi kwamba atapona. Fundi alimeza mwezi mmoja, Mama amemeza mwaka, na huenda vidonge si sababu pekee. Sijui. Haki ya Mungu sijui, na hilo ndilo linaloninyima pumzi. Kesho asubuhi mpeleke hospitali na kopo hilo na dawa zake nyingine zote, uwaeleze kila kitu, hata jina langu. Mimi naanzia leo: nikitoka kumkabidhi kondakta wa basi barua hii, ikufikie leo jioni, naingia ofisini kwa Mama Mifuko, na litakalokuwa na liwe. Nimekupigia simu mara tatu kukwambia haya, na kila mara unampa Mama kwanza, naye ananiita daktari wake, mimi nakata.

Atakataa kuviacha, unamjua. Ndiyo maana nimetia ndani karatasi ya pili, maana hati yangu anaitambua hata siku ambazo sura zetu hazitambui. Imeandikwa kwamba asivimeze tena. Mbele ya jina sijaandika kitu.

Nisalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Kaka Mkubwa msomee barua yote, usiruke hata mstari. Mama mpe shikamoo yangu. Na siku akili ikimrudia, akauliza ni nani aliyemfanya hivi, usinifiche. Mwambie.

Ni mimi,
mdogo wako