Nguo za Idi Mbele ya Kamera

Kidawa, roho imenichafuka! Nakuandikia upesi, dereva wa gari la shamba atakuletea karatasi hii mjini.

Leo kina mama wa Makunduchi wameleta watoto tuwapige picha. Wamekoga, wamevaa nguo za Idi. Unajua Bwana Hodges, kiongozi wa kikundi chetu cha kujitolea, kasema nini?

“Wavue hizo. Wavae matambara. Ulaya hawasaidii watoto wasafi.”

Matambara, Kidawa! Tena akanitaka mimi nifasiri. Nikafasiri.

Bi Mize, mmoja wa kina mama hao, akaniuliza, “Mwanangu, si wewe uliyetufunza kuwakosha kila siku?”

Aibu iliyonipata! Nikamgeukia Hodges: “Wanasema hawavui.”

Hawakusema hivyo. Lakini Bi Mize, asiyejua neno la Kiingereza, alimfunga mwanawe Sichana vifungo vya gauni mpaka shingoni, akamsimamisha mbele ya kamera.