Birika Halikujaa Mchanga

Kibokoni,
Mombasa.
8 Januari 2026
(mwezi 18 Rajab, kwa mwandamo wa hapa kwetu)

Mpendwa dadangu Ruweida,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kabla ya yote nataka kujua hali yako. Nyonga inasemaje katika baridi hiyo? Na mwanao Zakariya, anakuja kukupikia Jumapili kama alivyoahidi, au amekuwa mtoto wa simu tu? Nijibu kwa urefu. Usinitupie lile neno lako la "salama" halafu ukanyamaza.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Kaskazi imeshika na joto ni lile unalolijua, la kulala na madirisha wazi na bado shuka ikalowa. Sukari ya wifi yako Mwanakuu imetulia. Mimi nina magoti yanayolia kuliko bawaba za mlango wetu wa mbele.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mpwa wetu Faraj anarudi masomoni huko kwenu kesho kutwa, na ameahidi kukupa barua hii mkononi. Sababu ya pili ni kwamba nina jambo ambalo nimelianza kwenye simu mara tatu, na mara zote tatu nimegeukia habari za hali ya hewa.

Ule ujumbe wako wa sauti wa mwezi uliopita nimeusikiliza mpaka Mwanakuu akaninyang'anya simu. Ulisema hutakuja tena. Ulisema, "Mama hayupo, na hata Birika limefukiwa mchanga. Nikija, kaka, nitakuja kuona nini?" Kuhusu Mama sina la kujibu. Kuhusu Birika letu la mwambani ninalo.

Jumapili iliyopita, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, tulikwenda. Tulipanda tuktuk mbili mpaka Kizingo, tukashuka kwenye mwamba polepole, mimi nikiwa nimeshikwa mkono na mjukuu wangu Jannat, ambaye ametimiza miaka tisa na anaamuru watu kama askari. Mwanakuu alikuwa na sufuria ya viazi vya karai na chupa ya ukwaju. Mihogo tulinunua pale pale juu kwa Sidi, ambaye bado anaipasua na kuijaza pilipili na ndimu bila kukuuliza kama unataka.

Na Birika lipo, Ruweida. Lipo vile vile, shimo refu kama sebule yetu katikati ya mwamba, maji yanafika kifuani, na chini unaviona vidole vyako. Nilipoingia, miguu yangu ilikwenda yenyewe kutafuta pale penye ubaridi, kwenye kona ya upande wa nchi kavu. Sijui kama niliwahi kukueleza ubaridi ule unatoka wapi. Mvua ikinyesha kisiwani, maji huzama katika matumbawe, yakasafiri chini kwa chini, kisha yakachuruzika baharini kupitia nyufa ndogo ndogo. Basi pale utotoni ulikuwa unasimama kwenye mvua ya mwaka uliopita. Wewe ukiipata kona hiyo ulikuwa hubanduki. Ulitulia tuli, macho umeyafumba, usije ukanyang'anywa nafasi. Nilisimama pale kwa niaba yako mpaka ngozi ikakunjamana.

Tulipotoka nikapanda juu ya jiwe la Mama, lile alilokuwa akisimama kutuhesabu, nikaita majina. Ile kanuni yake hatujaiacha: sufuria haifunuliwi mpaka kila aliyeingia majini ameitwa na ameitika, wanaume "Naam", wanawake "Bee". Watoto siku hizi wananicheka, lakini wanaitika, maana wana njaa. Na tangu ulipohamia huko, jina lako halijakosa kuitwa. Mama alikuwa akiliita, na mmoja wetu akijibu, "Yuko safarini!" Mimi nimerithi hivyo hivyo.

Nikaita, "Ruweida!" Mwanakuu akajibu, "Yuko safarini!" na huku mkono wake ushafika kwenye kifuniko.

Jannat akasema, "Babu, safari gani hiyo? Mimi sijazaliwa yuko safarini, nimezaliwa yuko safarini. Kwani amepotea njia?"

"Nyamaza wewe mtoto," Mwanakuu akamwambia. "Babu yako ataanza kulia hapa, viazi vipoe."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini kiazi changu sikukimaliza, kwa sababu mtoto alikuwa amesema kweli. Umepotea njia, na aliyekupoteza ni mimi.

Ukumbuke siku ya mwisho ulipokuja kututembelea, miaka minne iliyopita. Ulitaka kushuka Birikani kabla ya ndege ya jioni. Sasa nivumilie nikueleze, kwa maana bila hesabu hii hutanielewa. Birika hufunguka bamvua peke yake, siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga bahari inapokupwa kupita kawaida, na hata siku hiyo ni muda mfupi tu, robo tatu ya saa kabla ya maji kupwa kabisa na robo tatu ya saa baada yake. Mwezi kumi na nne maji hupwa saa nne na nusu. Mwezi kumi na tano hupwa saa tano na robo. Kila siku moja ya mwezi ni kuchelewa kama robo tatu ya saa hivi. Ndiyo maana baba alitufundisha kwanza kuutazama mwezi, ndipo akatufundisha kuogelea.

Mwezi ule uliandama huku kwetu siku moja baada ya wenzetu wa Saudia. Wewe ulifuata Saudia kama mfanyavyo huko, ukasema leo ni kumi na tano. Mimi nilijua kwa macho yangu kwamba ni kumi na nne. Lakini wiki nzima barazani watu walikuwa wakibishana juu ya mwandamo, mpaka wengine wamenuniana, nami sikutaka kukununia siku ya kuagana. Nikasema haya, iwe kumi na tano, nikapanga saa kwa tarehe yako. Bahari haikufuata tarehe yako wala adabu yangu. Tulipofika saa tano na nusu, maji yalikuwa yameshaanza kurudi na mawimbi yanapita juu.

Ulisimama na ndara mkononi ukaniuliza, "Kaka, Birika liko wapi?"

Mimi, mwalimu wa jiografia kwa miaka thelathini na tano, ambaye Kibokoni nzima inamuuliza saa za maji, nilishindwa kusema "nimekosea". Kukutupia wewe lawama ya tarehe sikutaka. Kujitupia mwenyewe nikaona haya. Nikasema bahari imeingiza mchanga, Birika limejaa, halitafunguka tena. Ukavaa ndara zako ukapanda kurudi juu. Mchanga ule haukuwapo, dadangu. Nisamehe. Nilidhani ni uongo mdogo wa kupitisha asubuhi moja, kumbe umekaa nao miaka minne na kuuhesabu pamoja na kifo cha Mama.

Sasa nikuombe. Bamvua ijayo ya mwezi mpevu ni kabla ya Ramadhani. Nakupa tarehe ya Kizungu ili tusibishane: Jumanne, tarehe tatu Februari. Kama muda ni mfupi, kaskazi ina bamvua nyingine mwanzoni mwa Machi, na tutashuka tukiwa tumefunga, bila mihogo. Nyonga yako na magoti yangu tutayateremsha hatua moja moja, na Jannat atatuamuru. Mwaka kesho siwezi kuuahidi, kwa sababu mwamba ule unazidi kuwa mrefu kila nikiushuka.

Ukisoma haya ukakasirika, piga simu unigombeze. Nitasikiliza mpaka mwisho, na hali ya hewa sitaitaja.

Mwanakuu anakusalimu na anasema kanga yako ya kuogea ameifua, imo kabatini. Jannat anakusalimu na anauliza kama huko bahari huganda kweli. Sidi wa mihogo naye alikuulizia. Msalimie Zakariya, mwambie mjomba wake anamdai barua. Mola akupe afya, akulainishie safari na akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Nikishasimama juu ya lile jiwe nitaita jina lako kama kawaida. Nimemkataza Mwanakuu asijibu. Sufuria itabaki imefunikwa mpaka nisikie "Bee" kwa sauti yako mwenyewe.

Mimi ni kakako akupendaye na akungojaye,
Taib