Redio Ilipoanza Kuongea

Jumanne, Babati



Leo nilibadilisha mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, kwenye pikapu ya Baba Anna, mkulima wa Mutuka. Kabla ya kuiwasha nilitaka kuizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, nihakikishe hakuna kinachogonga ndani. Nikaingiza spana kwenye nati ya puli, gurudumu linalozungusha mkanda, nikawa naivuta taratibu, vidole viko karibu kabisa na mkanda.

Mara redio ya gari ikaanza kuongea.

Nikaganda. Kuinua macho, Baba Anna yuko kwenye usukani, ameshika ufunguo.

"Baba Anna, usiguse tena hapo," nikasema.

"Nilitaka taarifa ya habari tu, fundi."

Angeuzungusha ufunguo kidogo tu zaidi, injini ingezunguka yenyewe na spana ingenivunja mkono. Au vidole vingeingia kwenye... Sitaki kuwaza. Watoto watatu wanakula kwa vidole hivi.

Ameniomba msamaha mara tatu, mzee wa watu, nami nikaupokea. Lakini kuchomoa betri kabla ya kuanza, ili ufunguo usiwashe chochote, ni kazi yangu, na leo nilisahau. Hilo sikumwambia.