Damu ya Mbu Wangu kwenye Baraza ya Kahawa

Temeke, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, tope mpaka vifundoni.

Naandika mlango nimeufunga kwa komeo na kuusogezea kinu cha mke wangu. Mwanamume mwenye kitambi kama changu kujificha nyuma ya kinu ni jambo la kuchekesha, na ningecheka kama mwanamume huyo asingekuwa mie.

Naogopa.

Kazi yangu ni kulisha mbu. Serikali ya Mwingereza inanilipa kwa hilo, na mama yangu kule Tabora mpaka anafariki alikuwa akiwaambia watu kwamba mie ni karani. Mzungu wetu, ambaye sie tunamwita Bwana Mdudu, anataka kujua chakula kinamfanya nini mbu: kipi kinamnenepesha, kipi kinamzeesha. Kwa hiyo tuna vizimba vya chandarua. Wa kizimba kimoja hupata maji matupu. Hao hukonda na kufa kabla sijawazoea. Wengine hunyonya pamba yenye maji ya sukari. Hao huishi sana, na matumbo yao hujaa mafuta ya manjano. Wa kizimba cha mwisho huongezewa damu, nayo huishia kwenye mayai, mafuta yakabaki haba. Uzee ukifika wote ni hali moja: mbawa zinachanika pembeni, miguu inadondoka, wanakaa chini ya kizimba kama wastaafu. Wakifa tunawakausha na kuwapima kwenye mizani ndogo, kisha tunawatoa mafuta kwa dawa na kuwapima tena. Nikiwatazama wale wa sukari najishika tumbo, nawaambia, habari zenu, ndugu zangu.

Damu ni ya ng'ombe. Asubuhi napitia machinjioni, naikoroga kwa njiti za ufagio mpaka nyuzi zake zitoke isigande, naitia chupani, naifunika kikapuni kwa jani la mgomba, napanda baiskeli. Siku zote hakuna aliyeuliza.

Leo baiskeli imeteleza mbele ya baraza ya kahawa. Chupa imepasuka. Damu imetiririka kwenye dimbwi mpaka miguuni pa wanywaji.

Kondo, jirani yangu mshona makuti, ndiye aliyesema wa kwanza. Yeye ni Mzaramo, mie Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Ana ruhusa ya kunivua kofia mbele ya padri, na ameshanivua.

"We Mnyamwezi, umemchinja nani?"

Utani haujibiwi kwa unyonge. Nikasema, "Mzaramo mmoja mnene! Wewe umekonda mno, nitakulisha kwanza."

Hakuna aliyecheka. Hata Kondo.

Mwanamke mmoja alimfunika mwanawe kwa kanga. Muuza kahawa akaweka dele chini. Mtu nisiyemjua akasema polepole, "Kumbe kila asubuhi anapita na damu." Na mwingine nyuma yake akalitamka lile neno: mumiani. Mnyonya damu za watu, azipeleke zikatengenezwe dawa. Huko Gongo la Mboto juzijuzi mtu alipigwa nusura afe, kisa amebeba mpira mwekundu wa maji, watu wakadhani ni wa kufyonzea damu.

Heri ningenyamaza. Badala yake nikaeleza. Nikasema ni chakula cha mbu, tunatazama nani anazeeka upesi. "Nani anafuga mbu?" mmoja akauliza. "Temeke nzima tunawafukuza kwa moshi!" Nikaongeza kwamba wakifa tunawatoa mafuta. Nilipofika kwenye mafuta, baraza nzima ilikuwa imesimama.

Nilikimbia. Jiwe lilinipita sikioni, likagonga ukuta wa duka.

Jioni hii jiwe jingine limeanguka juu ya bati. Mke wangu amekaa na watoto chumba cha ndani. Amesema neno moja tu: "Baba Yosefu, si bora ungekuwa karani kweli."

Kisha hodi. Nimeitambua sauti, nikasogeza kinu. Ni Kondo, amelowa chapachapa.

"Wanakuja?" nikauliza.

"Wengine wanasema waje. Wengine wanasema mvua ikatike kwanza." Akajifuta uso. "Nimewaambia, mtani wangu huyu hana akili ya kunyonya damu. Hata kufua nazi kunamshinda."

"Wamekuamini?"

"Hata kidogo. Ndiyo nikaapa mbele yao, kesho naenda naye. Natia mkono wangu mwenyewe humo kizimbani. Nikirudi mzima, yaishe. Nisiporudi mzima, wafanye wanavyojua."

Nilitaka kumkumbatia, lakini utani hauruhusu; nikamwambia damu yake ni chachu, mbu watatapika. Akacheka, akaketi, akala ugali wetu na mchicha.

"Hawatanipa homa?"

Nikamweleza. Mbu hazaliwi na homa. Lazima amuume mgonjwa kwanza, kisha aishi mpaka awe mzee, ndipo aweze kumwambukiza mtu. Ndiyo maana Bwana Mdudu anahangaika na uzee wao. Wetu wametotolewa mle mle, hawajaonja mgonjwa.

"Basi hakuna neno," akasema. Ameondoka anapiga mluzi.

Mie ndipo hofu imenishika upya.

Maana Kondo analala bila chandarua, kibanda chake kipo kando ya bwawa, na mbu wa pale hakuna anayewapimia chakula. Wanashiba, wanazeeka. Huenda homa imo mwilini mwake hata sasa, inangoja siku yake. Ikimlaza baada ya kutia mkono kizimbani, nani atamsikiliza mlisha mbu akieleza kwamba haikutoka kizimbani? Na nikimkatalia asiende, nimekiri.

Alfajiri atanigongea, nami nitamfungulia. Sasa nimepiga magoti namwombea mtu mzima mmoja asiugue homa, Temeke, katikati ya masika. Hivi Mungu ameshawahi kuombwa jambo gumu kuliko hili?