Komeo la Geti la Majimbo

Jumatatu, 26 Februari 2018

Mwanangu Ndwiga amerudi kutoka kazini na mashine ya kuchomelea. Ndogo — naibeba kwa mkono mmoja. "Baba, hii ni yako. Usikae bure." Nilishukuru kwa moyo. Halafu akataja kazi ya kwanza: komeo jipya la geti letu hapa Majimbo. La zamani lililegea, na mwezi uliopita nililing'oa nikaenda zangu mkutanoni Runyenjes. Presha ikaniangusha stendi. Watu nisiowajua ndio walionirudisha. Tangu siku hiyo Ndwiga na mkewe wakitoka asubuhi wananifungia kwa mnyororo. Kwa usalama wangu, wanasema. Na sasa komeo nichomelee mwenyewe!

Jumamosi tunakutana tena huko, sisi tuliofukuzwa Bonde la Ufa mwaka wa tisini na mbili. Wanachaguliwa watakaopewa mashamba mapya. Asiyefika mwenyewe anaachwa. Ndwiga asema ni matapeli. Huenda. Lakini tangu mwaka ule sijalala penye pangu.

Jumanne, 27 Februari 2018

Nimejaribu mashine kwenye vipande vya chuma. Ubavuni imeandikwa ampea 200. Maneno tu! Kwa stima ya nyumba na waya huu mwembamba, sidhani inapita 110. Kule shambani Bonde la Ufa nilikuwa na gereji na mashine kubwa ya mafuta; geti lilitaka rodi nene ya kuchomelea, geji kumi, na mambo kwisha. Hapa geji kumi inanasa, inazimika, inanasa tena. Ikikubali inaacha mshono mnono, mzuri kwa macho, uliokaa juu juu. Nimeugonga nyundo — ukabanduka mzima.

Geji kumi na mbili, iliyo nyembamba zaidi, mashine nikaiweka kwenye tisini. Chuma kikayeyuka, kikashikana. Nyundo haikufua dafu.

Kwa hiyo rodi nene kwenye mashine hii ni geti la kufunguka kwa teke. Na hakuna atakayejua. Githeri ya jioni sikuisikia ladha.

Alhamisi, 1 Machi 2018

Nimechomelea komeo. Nilianza na geji kumi, kama nilivyoamua. Ndwiga amesimama kando, ameshika chuma kwa koleo, macho ameyageuza. Mshono wa kwanza ukakaa pale, umevimba, wa uongo. Niliutazama. Nikausaga wote, nikabadilisha rodi.

Kwa nini? Sijui. Mkono ulikataa.

Ndwiga akapiga geti teke. Halikutikisika. Mukami, mkewe, akacheka toka jikoni: "Guka, si umetujengea jela ya Kamiti!" Tukacheka wote. Mjinga mimi — nilifurahi! Mshono ulikuwa umenyooka vizuri sana.

Ijumaa, 2 Machi 2018

Nimemwomba Ndwiga anipeleke kesho. Amekataa, kwa upole. Wana mazishi Chuka. Upole wake ndio unaonibana zaidi.

Jumamosi, 3 Machi 2018

Wameondoka mapema. Kufuli liko nje.

Rafiki yangu Njoka amefika na boda boda. Tulitahiriwa msimu mmoja. Huniita wakini hadi leo. "Wakini, toka! Watu wameshaanza kukaa." Nikamwonyesha kufuli na komeo. "Nani alichomelea kitu kama hiki?" Mimi. Akapiga kelele: "Wewe ni mzee wa aina gani? Umejifungia kuku ndani na kuku ni wewe!" Mwenye boda akacheka, halafu akaacha.

Ipo njia. Rodi nyembamba kabisa, geji kumi na nne, na mashine izungushwe hadi mwisho. Kinyume cha kanuni: haiungi, inatoboa. Nikavuta waya hadi getini. Cheche, moshi, chuma kikaanza kudondoka matone. Nusu ya mshono ikakatika. Kisha — tap! Stima ikazimika nyumba nzima. Swichi imeruka, na boksi la stima liko ukutani nje ya geti, mwenye nyumba amelifunga.

Njoka akasema nusu iliyobaki haiwezi kushinda teke. Akapiga. Akapiga tena, geti likalia, rangi ikapasuka. Nikasikia sauti ikimkemea: "Polepole, wakini! Utaharibu geti la mtoto!"

Yangu.

Akasimama, mguu bado hewani kidogo, akanitazama kati ya vyuma. Boda bado inanguruma. Nimeingia ndani kutafuta nyundo ya kuvunjia nusu iliyobaki. Nyundo ninayo. Nimekaa naandika.