Yusra na Saumu Yake

"Unakula mchana wa Ramadhani wewe, ndiyo maana unanenepa!"

Bi Borafya huyo, shoga! Mlangoni kwake, uchochoro mzima unasikia.

Yusra kasimama tu, kajitanda shali na joto hili. Wala hakulia.

Hakulia, wallahi.

Akasema polepole, kama anamsemea mtu mwengine: "Daktari kanambia tezi ya shingo imelegea. Homoni hainitoshi, mwili hauunguzi chakula. Nikila kidogo nanenepa, na baridi hainitoki."

"Na saumu?"

"Nimefunga, Bi. Kama wewe."

Majirani washajaa milangoni!

Adhana ya magharibi ikaanza. Yusra hakusogea.

Bi Borafya akamshika mkono, sauti juu vilevile: "Muhogo wa nazi ushaiva. Ingia mwanangu, ufuturu kwangu, na hawa wakuone."