Moma Aliyeniuma Tuliporudi

Eliza mjukuu wangu,

Huku Butihinda tu wazima, na mbuzi wako kazaa mapacha. Unauliza kama kweli sumu ya nyoka huamsha mishipa ya maumivu, kama mwalimu wenu wa uuguzi huko Gitega anavyosema. Nilisoma miaka miwili tu, lakini hilo nalijua kwa mguu wangu.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka Tanzania, tulikokimbilia wakati wa vita. Nilikuwa nafyeka kichaka kilichomeza kiwanja chetu, moma akaniuma. Ulikuwa moto, mtoto wewe! Mguu ukavimba hadi ngozi ikakosa pa kwenda. Babu yako akaufunga kamba, maumivu yakazidi.

Akaja Madalena, jirani niliyekuwa namnunia kwa kuwa sisi tulikimbia, yeye akabaki.

"Fungua kamba, mzee! Unataka mguu uoze?"

Akaita wanawe wanibebe kwa ingobyi, machela yetu ya vilimani, hadi hospitali.

"Tulia, mkimbizi wee," akaniambia.

"Mkimbizi mama yako!"

Alicheka njia nzima. Sikumnunia tena.

Sasa wewe unayelalamika kwamba huko bwenini huna mtu, wa kitanda cha pili umemsalimu? Msalimu leo, usingoje nyoka.

Ni mimi bibi yako, mwenye miguu miwili.